Ardhi ikifufuka, nani anavuna?

Katika miaka ya 1930 maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni walizunguka Machakos, nchi ya Wakamba, wakarudi na taarifa za kutisha. Vilima vilikuwa vipara, makorongo yamekata mashamba, ng'ombe wamezidi malisho. Kwao jambo lilikuwa wazi: watu wamekuwa wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Kufikia 1990 watu wa eneo hilohilo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano. Kwa hesabu ya wale maofisa, pale pangekuwa jangwa. Watafiti waliolinganisha picha za zamani na hali ya miaka hiyo walikuta mambo yamegeuka: miteremko imepigwa matuta, miti imeongezeka, mmomonyoko umepungua, na kila hekta inatoa mazao yenye thamani kubwa mara kadhaa kuliko zamani.

Kisa cha Machakos kinawatatiza wanaoamini kwamba wingi wa watu lazima uharibu ardhi. Kinawatatiza vilevile wanaoamini kwamba dawa ya ardhi iliyochoka ni kampeni ya kupanda miche, maana Machakos haikuokolewa na kampeni. Ili kuelewa kilichotokea pale, na kilichotokea au kushindwa kutokea kwingine, inabidi kutenganisha maswali mawili ambayo ripoti nyingi huyachanganya. Udongo unaponaje? Na kwa nini mtu akubali kuutibu? Swali la kwanza lina majibu mengi mazuri, tena ya bei nafuu. Miradi mingi hufa kwenye la pili.

Kwanza maji yasimame

Ardhi huanza kuchoka pale inapovuliwa nguo yake ya majani. Miti imekatwa kwa kuni na mkaa, nyasi zimeliwa hadi mizizini, mabua yameondolewa shambani baada ya mavuno. Matone ya mvua sasa yanapiga udongo moja kwa moja. Yanapasua mabonge, chembe laini zinaziba vitundu, na jua likiwaka juu yake unabaki utando mgumu kama ukoko. Mvua inayofuata haizami, inateleza, na katika kuteleza inachukua udongo wa juu, ambao ndio wenye mboji na sehemu kubwa ya rutuba. Udongo usio na mboji hauwezi kushika hata yale maji machache yaliyozama. Mimea inadhoofika, ardhi inazidi kuwa wazi, na mzunguko unaendelea.

Hapo ndipo ukame wa mawinguni unapoachana na ukame wa shambani. Kuna sehemu ambazo mvua haijapungua sana, lakini mahindi yananyauka kwa sababu maji yalipita juu juu na kuishia mtoni yakiwa na rangi ya tope. Mkulima wa hapo akipewa miche elfu moja, amepewa vitu elfu moja vya kumwagilia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyazuia maji yasikimbie. Mbinu zake hazina maajabu. Katika fanya juu, mkulima huchimba mtaro kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, na kutupia udongo upande wa juu. Tuta linakaa juu ya mtaro, udongo unaoporomoka unanasa hapo, na baada ya misimu kadhaa mteremko unajitengeneza kuwa ngazi. Palipo na mawe, hupangwa mistari ya mawe katikati ya shamba. Haihitaji kuwa ukuta. Mawe yanapunguza tu mwendo wa maji, nayo yakipungua mwendo yanaacha udongo, mbegu na samadi yaliyokuwa yameubeba. Kosa ni kupanga mstari usiofuata usawa wa ardhi, kwa sababu maji yatakusanyika mahali pamoja na kuchimba korongo jipya. Wakulima wa mkoa wa Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso, walilitatua hilo katika miaka ya 1980 kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake: watu wawili wanashika ncha, maji yakilingana pande zote mbili, hapo ndipo kontua inapopita. Hakuna mhandisi aliyehitajika.

Yatenga hiyohiyo ndiko alikotoka Yacouba Sawadogo. Baada ya ukame mkali uliolikumba eneo la Saheli, ule ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, alichukua desturi ya zamani ya kuchimba mashimo madogo iitwayo zaï na kuiboresha. Aliyapanua na kuyaongeza kina, akayachimba wakati wa kiangazi kabla ya mvua, na akatia samadi ndani. Samadi huwavuta mchwa, mchwa hutoboa njia kwenye ule utando mgumu, na mvua ya kwanza ikinyesha maji yanashuka badala ya kutiririka. Mtama ukaota mahali ambapo hata jembe lilikuwa likidunda. Kulikuwa na ziada ambayo hakuna mradi ungeipanga: ndani ya samadi mlikuwa na mbegu za miti, zikachipua pamoja na mtama. Sawadogo hakuing'oa. Miaka ilivyokwenda akawa na msitu wa makumi ya hekta, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Desemba 2023.

Maji yakishasimama, mara nyingi uoto hauhitaji kuletwa. Upo. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alikuwa Maradi, kusini mwa Niger, akipanda miche ambayo sehemu kubwa yake ilikufa kwa jua, mbuzi na mchanga. Vichaka vifupi vilivyotapakaa mashambani alikuwa akivipita kila siku, hadi alipochunguza kimoja na kuona kwamba ni machipukizi ya kisiki cha mti uliokatwa zamani. Mizizi ilikuwa hai chini, ikichipua kila mwaka na kukatwa kila mwaka. Ukichagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, ukapogoa mengine na kuyalinda yaliyobaki, unapata mti kwa kasi ambayo mche hauwezi kuifikia, kwa sababu una mizizi ya mti mzima tayari. Dodoma njia hii inajulikana kama kisiki hai. Gharama yake ni kisu kikali na mtu wa kuangalia mbuzi.

Niger ilipopigwa picha za setilaiti miaka ya 2000, zilionekana takriban hekta milioni 5 za mashamba zilizorudisha miti kwa njia hiyo, nyingi bila fedha za mradi wowote. Mtu anaweza kusema ni mvua iliyorudi baada ya ukame. Mvua ilirudi kweli, lakini ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Nigeria, ilinyesha mvua ya namna hiyohiyo na mashamba hayakupata miti kwa kiwango hicho.

Mti wa serikali, jasho la mkulima

Tofauti hiyo inahitaji maelezo, na maelezo yake hayapo kwenye udongo.

Tangu enzi za Wafaransa, sheria za Niger ziliufanya mti kuwa mali ya serikali hata ukiwa katikati ya shamba la mtu. Aliyekata tawi bila kibali aliweza kutozwa faini na bwana misitu. Jiweke mahali pa mkulima huyo. Mche unaochipua kati ya mistari ya mtama ni faini inayokua. Busara ni kuung'oa ungali mdogo, kabla haujaonekana. Sheria iliyotungwa kuilinda miti ikawa sababu ya kuiua mapema. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 usimamizi ule ulilegea, na baadaye sera zikaanza kumtambua mkulima kuwa na haki juu ya miti aliyoilea. Elimu ya kisiki ilifika wakati uleule ambapo mti ulianza kuwa wa aliyeutunza. Moja bila jingine lisingetosha.

Na mkulima alipata nini? Zamani upepo wa mwanzo wa mvua ulifukia miche ya mtama kwa mchanga, akalazimika kupanda tena na tena msimu mmoja. Penye miti upepo unavunjika na kupanda mara moja kunatosha. Kuni zikawa karibu, na ziada ikauzwa. Majani na maganda yakalisha mifugo kiangazi. Mti mmoja, Faidherbia albida, una tabia ya ajabu ya kupukutisha majani wakati wa mvua na kuchanua kiangazi, kwa hiyo haunyang'anyi mtama jua, na majani yake yanaurutubisha udongo. Yote haya ni faida za shambani, za mwaka huu na mwaka ujao. Kaboni, bayoanuwai na vumbi lililopungua vilikuja vikifuata nyuma, bila mtu kuvilipia.

Machakos inafundisha jambo hilohilo kwa njia chungu zaidi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikiamini kwamba ng'ombe ndio tatizo, ilianza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, na serikali ikalazimika kurudi nyuma. Matuta ya lazima yaliyofuata yalichukiwa, na nani angeyapenda? Uliamrishwa uchimbe, kwa aina ya tuta aliyoichagua ofisa, ili kulinda ardhi ambayo hukuwa na hakika kama itabaki yako. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1950. Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa. Wakulima wakachagua wenyewe aina ya matuta, na wengi wakachagua fanya juu. Kazi ikaingia kwenye mwethya, vikundi vya kusaidiana vya Wakamba, na wanawake wakawa nguzo yake. Baada ya uhuru uchimbaji ulilegea kwa muda, pengine kwa sababu ulinuka ukoloni, kisha ukarudi kwa nguvu bila kiboko. Nairobi ilikuwa inakua na ilitaka matunda na mboga. Tuta lililoshika maji lilimaanisha mavuno ya kuuza, kwenye shamba lenye mwenyewe anayejulikana. Jembe ni lilelile, mteremko ni uleule. Kilichobadilika ni mfuko unaoingia mavuno.

Ngitili, na swali la nani anafungiwa nje

Kisa cha Shinyanga, Tanzania, kina mikunjo zaidi, kwa kuwa pale ardhi iliyorejeshwa haikuwa mashamba tu bali malisho. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha linafunguliwa kiangazi malisho yanapokwisha kwingine. Desturi hiyo iliporomoka kwa kupigwa pande nyingi. Tangu miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kupambana na mbung'o. Pamba ikachukua ardhi. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, mbali na ngitili walizozilea. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, zilikuwa zimebaki hekta mia kadhaa tu zilizorekodiwa.

HASHI ilianza na mambo yaliyozoeleka, vitalu na miche. Ilipata nguvu kamili ilipoegemea kile ambacho wenyeji walikuwa wanakijua. Mipaka ya ngitili ikapangwa kijijini, sheria zikajadiliwa kwenye dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakazisimamia. Mwenye kuingiza ng'ombe wakati wa kufungwa alijua atatozwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliojaribu kuthamini kile kinachotoka humo, yaani nyasi za kuezekea, kuni, nguzo, dawa, asali, matunda na malisho, ulipata wastani wa takriban dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Kwa kaya ya kijijini wakati ule hicho hakikuwa kipato cha kuongezea mboga.

Wastani, hata hivyo, huficha mengi. Ngitili nyingi ni za kaya binafsi, si za kijiji, na kaya yenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiyo yenye nafasi ya kufunga eneo kubwa. Asiye na ardhi hana cha kufunga. Tena, zamani alikuwa akiokota kuni popote. Sasa popote pana mwenyewe. Kila unaposoma kwamba eneo fulani limefungwa na uoto umerudi, uliza nani alikuwa akilitumia kabla halijafungwa. Mara nyingi jibu ni wafugaji wanaohama na wanawake wanaotafuta kuni, watu ambao huwa hawaitwi kwenye kikao cha kuchora mipaka. Sisemi maeneo yasifungwe. Nasema hasara yao ihesabiwe kwenye bajeti, kwa sababu wasipohesabiwa watarudi usiku na panga.

Hesabu isiyolingana

Hadi hapa nimezungumza kama vile faida ya mkulima na faida ya mazingira huja pamoja daima. Haiwi hivyo. Zinaachana mara mbili.

Mara ya kwanza ni kwenye muda. Kuchimba zaï kwenye hekta moja kunakula mamia ya saa za jembe, kiangazi, wakati ambapo vijana wengi wameenda kutafuta vibarua. Zaï inarudisha gharama msimu uleule, ndiyo maana ilienea. Tuta linachukua muda zaidi. Malisho yaliyofungwa yanahitaji miaka miwili mitatu ya kutolishwa, na katika miaka hiyo ng'ombe wanakula wapi? Kaya yenye akiba inaweza kusubiri. Kaya inayokula mbegu zake mwezi wa mwisho wa njaa haiwezi, hata ikijua kabisa kwamba kusubiri kuna faida. Kuiita haina mwamko ni kuikosea.

Mara ya pili ni kwenye mahali. Anayechimba tuta juu ya mlima anabaki na sehemu tu ya faida. Nyingine inamfikia mwenye bwawa la umeme lisilojaa tope, na mkazi wa mji anayekunywa maji masafi. Uwanda wa Loess nchini China unaonyesha nini hutokea anayefaidika chini akisaidia kulipa juu. Udongo wake ulikuwa ukiporomoka kwa wingi hadi Mto Manjano ukapata rangi na jina. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kati ya 1994 na 2005 ulijenga matuta, ukazuia mifugo kuzurura mitelemkoni na kuwapa wakulima haki za muda mrefu juu ya ardhi waliyoitengeneza. Kuanzia 1999 serikali ikaanza kuwalipa wakulima nafaka na fedha ili waache kulima miteremko mikali. Tope liendalo mtoni lilipungua sana, na Benki ya Dunia yenyewe inasema zaidi ya watu milioni 2.5 walitoka kwenye umaskini. Kwa kiwango kidogo, mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 2015, hutumia michango ya watumiaji wa maji na umeme kusaidia wakulima wa vyanzo vya mto huo kuchimba matuta na kupanda nyasi za kuzuia udongo, kwa sababu karibu maji yote ya Nairobi hutoka huko milimani.

Kaboni ni aina ya tatu ya malipo, na ndiyo inayozungumzwa zaidi leo. Humbo, kusini mwa Ethiopia, hekta 2,728 za mlima zilirejeshwa hasa kwa kulea visiki, na ushirika wa wanavijiji ukauza kaboni, yaani ukalipwa kwa hewa ya ukaa inayonaswa na miti hiyo. Inawezekana, basi. Ila mkataba wa kaboni hudumu miongo, unamfunga hata mtoto wa aliyesaini, na bei huamuliwa mbali. Pasipo hati ya ardhi inayoeleweka, fedha hizo humvuta mwenye nguvu kuidai ardhi ambayo jana hakuitaka.

Kijani kisichofaa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 eneo la Baringo nchini Kenya lilipandwa Prosopis juliflora, mti wa Amerika usiojali ukame, ili kurudisha uoto. Kwa kipimo cha kijani, ulifaulu kupita kiasi. Mathenge, kama wenyeji walivyouita, ulifunga malisho, ukafunga njia, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Wailchamus, jamii ya wenyeji hao, wakaishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Wengi huisimulia kesi hiyo kwa kicheko. Mimi naiona kama tathmini sahihi zaidi ya mradi niliyopata kuisikia: aliyekusudiwa kufaidika aliulizwa mdomo wake una hali gani.

Kuna kosa jingine la namna hiyo lisilochekesha. Mbuga ya nyasi si msitu ulioharibika. Nyasi zake ni za kale, zina mizizi mirefu, zinahifadhi kaboni ardhini na kulisha wanyama wengi. Ramani zinazoonyesha kila palipo wazi kuwa ni mahali pa kupanda miti zinaweza kuharibu mbuga nzima kwa jina la kuirejesha. Hata Loess, kwa mafanikio yake yote, miti mingi iliyopandwa imekuwa ikinywa maji kiasi kwamba wanasayansi walionya mwaka 2016 kuwa uoto unakaribia kikomo cha maji yaliyopo kwa watu na mito.

Ndiyo maana napenda kuuliza hekta imehesabiwaje. Ukuta Mkuu wa Kijani, uliozinduliwa na Umoja wa Afrika mwaka 2007, ulianza kama wazo la mkanda wa miti wa kilomita 8,000 kukatiza Saheli, na sasa unalenga kurejesha hekta milioni 100 kufikia 2030. Tathmini ya mwaka 2020 ilikuta takriban hekta milioni 4 katika maeneo yaliyolengwa. Ile milioni 5 ya wakulima wa Niger ilikuwa imeonekana miaka mingi kabla. Mpango wenyewe umebadilika tangu hapo, mkanda wa miti umeachwa na mashamba, malisho na visiki vimeingia, jambo jema. Lakini ripoti nyingi za nchi bado huhesabu hekta siku ya kupanda, wakati mbuzi hawajafika na mvua haijakataa. Hekta hiyohiyo ikihesabiwa baada ya miaka mitano, pamoja na jina la anayeitunza na alichopata mwaka huo, tarakimu zingekuwa ndogo, na wafadhili wangejua ni wapi pa kuongeza fedha.